Mishahara ya Wakubwa wa Kampuni za Madini Ambazo Hazijaanza Kuchimba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa Wakenya wa aina mbili. Kuna walio Nairobi wanaonunua hisa za kampuni za madini za ng'ambo, mmoja mmoja kupitia simu au pamoja katika chama. Na kuna wenye mashamba kule magharibi na Pwani ambao wameona watafiti wakichoronga miaka nenda miaka rudi, wakajiuliza nani analipwa na kwa pesa ipi. Hapa hakuna ushauri wa kununua au kuuza.

## Mambo ya msingi

Kampuni haijauza hata gramu moja ya dhahabu. Bosi analipwa kwa pesa gani?

Kwa pesa yako. Kampuni ya utafutaji madini haina mauzo. Inaishi kwa kutoa hisa mpya na kuziuza, mara nyingi kila mwaka au kila miezi michache. Pesa hiyo ndiyo inayolipa mashine ya kuchoronga, maabara ya kupima sampuli, ada ya leseni, kodi ya ofisi, wakili, na mshahara wa Afisa Mkuu Mtendaji. Yote hutoka mfuko mmoja.

Ndiyo maana mshahara wa bosi wa kampuni ya namna hii una uzito tofauti na ule wa bosi wa benki. Benki ikimlipa mkubwa wake vizuri mno, faida hupungua kidogo. Hapa kila dola inayokwenda ofisini ni dola ambayo haikufika kwenye mwamba, na ikiisha itabidi hisa nyingine ziuzwe.

Kampuni kama hizi zipo Kenya?

Miradi ipo, ila kampuni zenyewe kwa kawaida zimesajiliwa na kuorodheshwa nje: Toronto, Sydney au London. Mfano ulio wazi zaidi ni Kwale. Tiomin Resources ya Kanada ilishika mradi ule wa mchanga wa titani tangu miaka ya 1990, ikapewa leseni maalumu ya uchimbaji 2004, kisha 2010 ikauuza kwa Base Resources ya Australia bila kuwahi kuchimba kibiashara. Base ndiyo iliyojenga mgodi, ikasafirisha shehena ya kwanza mapema 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024.

Tazama kipindi cha kwanza. Zaidi ya muongo mmoja wa maisha ya Tiomin pale Kwale ulipita bila mauzo, na kwa miaka hiyo yote kampuni ilikuwa na uongozi, ofisi na mishahara. Hilo si kosa kwa lenyewe. Madini huchukua muda. Lakini mwenyehisa anayeingia katika kampuni ya aina hii ajue kwamba anaweza kulipa mishahara kwa muongo mzima, kisha mtu mwingine ndiye achimbe.

Kule Kakamega na Siaya, mradi wa dhahabu wa West Kenya umepita mikononi mwa Acacia, kisha Barrick, na 2020 ukanunuliwa na Shanta Gold.

Wanalipwa kiasi gani hasa?

Kwa kampuni ndogo ya Perth au Vancouver, mara nyingi utakutana na mshahara wa kati ya laki mbili na laki nne kwa mwaka, kwa dola za nchi hiyo, pamoja na haki za kununua hisa. Wapo wanaolipwa kidogo sana, na wapo wanaolipwa kana kwamba mgodi umeshajengwa. Kiasi peke yake hakikuambii mengi. Uwiano ndio unaosema. Tazama swali la sehemu ya matumizi, hapo chini.

Si haki wasilipwe mpaka dhahabu itoke?

La, na ningependa watu waache kulisema hili kirahisi. Mwanajiolojia mzuri mwenye uzoefu wa miaka ishirini ana kazi nyingine zinazomngoja. Ukitaka asome mwamba wako kwa uangalifu, akatae shimo baya, aandike ripoti ya kweli hata inapouma, utamlipa. Kampuni inayojisifu kwamba viongozi wake hawachukui mshahara nayo ina maswali yake: pengine wamejigawia hisa kwa bei ya chini mno mwanzoni, au wana kampuni nyingine tatu zinazowalisha.

## Malipo ya hisa

Haki za kununua hisa ni nini?

Ni ruhusa ya kununua hisa za kampuni siku za usoni kwa bei iliyopangwa leo. Tuseme hisa leo ni senti 10, na mkurugenzi amepewa haki ya kununua hisa milioni mbili kwa senti 12 wakati wowote ndani ya miaka mitano. Hisa ikifika senti 40, atanunua kwa 12. Ikianguka hadi senti 3, hatanunua, na hajapoteza kitu. Wewe uliyenunua kwa senti 10 umepoteza.

Kampuni ndogo hupenda mpango huu kwa sababu hautoi pesa taslimu. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila mwenye haki hizi hunufaika bei ikipanda na haumii ikishuka, kwa hiyo anaweza kuipenda habari inayorusha bei leo kuliko kazi ya polepole itakayojenga mgodi. Hisa alizozinunua kwa pesa zake mwenyewe, sokoni, kwa bei uliyolipa wewe, zinamfunga kwenu zaidi. Mimi hutafuta hizo kwanza.

Zinaniumiza vipi mimi?

Fuata hesabu hii. Kampuni ina hisa milioni 200, wewe una 200,000, yaani asilimia 0.1. Kila mwaka inaongeza hisa kwa asilimia 20 ili ipate pesa. Baada ya miaka mitatu zimekuwa karibu milioni 346, na wewe umebaki na asilimia 0.058 ingawa hujauza hata moja.

Sasa ongeza mpango wa wakubwa. Katika TSX Venture, soko la Kanada la kampuni changa, mpango wa kawaida huruhusu haki za hisa hadi asilimia 10 ya hisa zilizopo. Asilimia hiyo husogea pamoja na hisa. Mwanzoni ilikuwa milioni 20. Baada ya miaka mitatu ni karibu milioni 35. Kila mara kampuni inapouza hisa kwa watu kama wewe, fungu la wakubwa linapanuka. Kinga uliyo nayo ni kwamba mpango wa namna hiyo lazima uidhinishwe upya na wanahisa kila mwaka.

Bei ikianguka, wanaweza kujipunguzia ile bei ya kununulia?

Inategemea soko. Kanuni za soko la Australia, ASX, zinakataza kupunguza bei ya haki zilizokwisha kutolewa. TSX Venture inaruhusu, lakini kwa haki za watu wa ndani ya kampuni inadai idhini ya wanahisa wasio na maslahi. Ukiona ombi hilo kwenye waraka wa mkutano, uliza swali moja: mimi nani atanipunguzia bei niliyonunulia?

Jedwali linasema bosi amepata dola 600,000, lakini mshahara ni 250,000 tu. Nani anadanganya?

Hakuna. Tofauti ni thamani ya haki za hisa, inayokokotolewa kwa kanuni ya hesabu siku zinapotolewa, mara nyingi ile ya Black-Scholes. Si pesa aliyopokea. Huenda zisimpe chochote, au zikampa mara kumi ya kiasi hicho. Soma safu mbili kando kando: pesa taslimu inakuonyesha mfuko unakauka kwa kasi gani, na hisa zinakuonyesha umiliki wako utapungua kiasi gani.

## Kusoma karatasi zao

Nianzie wapi?

Jua kwanza hisa ziko soko gani, maana kila nchi ina mahali pake.

Kanada: tafuta kampuni kwenye SEDAR+, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za kampuni, uchukue waraka wa mkutano mkuu wa mwaka na taarifa ya malipo ya wakuu. Kampuni changa hutumia fomu fupi, 51-102F6V. Australia: ripoti ya mwaka ina sehemu nzima ya malipo, tena iliyokaguliwa, na ipo bure kwenye tovuti ya ASX. London, katika soko dogo la AIM, kanuni ya 19 inadai hesabu za mwaka zionyeshe malipo ya kila mkurugenzi, ila maelezo huwa mafupi kuliko ya Australia.

Ripoti ya mwaka inachelewa. Kuna kitu cha haraka zaidi?

Kwa kampuni za Australia, kipo, na watu wengi wanakipita. Kila kampuni ya utafutaji hutoa fomu iitwayo Appendix 5B ndani ya mwezi mmoja baada ya robo mwaka kwisha. Ni kurasa chache za namba. Shuka mpaka mstari wa 6.1: hapo pana jumla ya malipo kwa wakurugenzi na watu wao wa karibu katika robo hiyo. Kisha panda juu uone pesa iliyotumika kwenye utafutaji. Halafu shuka tena mpaka 8.7, panapoandikwa kampuni imebakiwa na pesa za robo ngapi. Zikiwa chini ya mbili, kampuni inalazimika kujibu maswali matatu papo hapo, likiwemo la kama imechukua hatua ya kutafuta pesa zaidi.

Niliwahi kukaa na chama kimoja cha mtaa wa Donholm tukiwa na fomu nne za mwaka mmoja, zimepangwa mezani. Mweka hazina, mama anayeuza vitambaa Eastleigh, alipiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya 6.1 katika kila karatasi. Namba haikusogea robo zote nne. Ya kuchoronga ilikuwa imeshuka, ikashuka, na robo ya mwisho ikawa karibu na sifuri. Hakuuliza kitu tena; alitaka tu kujua jinsi ya kuuza.

Mbona mshahara siuoni kwenye matumizi?

Kuna njia tatu za kawaida, na zote ni halali.

Ya kwanza, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 6 kinaruhusu gharama za utafutaji kuwekwa kama mali kwenye mizania badala ya kuhesabiwa matumizi ya mwaka. Sehemu ya mshahara wa mwanajiolojia, hata wa bosi, ikihesabiwa kuwa utafutaji, inahamia huko na hasara inaonekana ndogo. Ya pili, bosi halipwi kama mwajiriwa bali kupitia kampuni yake ya ushauri, na pesa inaandikwa "ada za ushauri". Ya tatu, kampuni inalipa kodi ya ofisi au huduma za uhasibu kwa biashara ya mkurugenzi mwenyewe.

Dawa ni moja. Nenda kwenye maelezo ya hesabu, mwishoni mwishoni, utafute miamala na watu wa karibu. IAS 24, kiwango kingine cha uhasibu, inalazimisha malipo yote ya viongozi wakuu yatajwe pale, kwa mafungu, popote yalipojificha. Mimi huanza kusoma hapo kabla ya barua ya mwenyekiti.

Kampuni inayochoronga kwetu haiko soko lolote. Nitajuaje?

Kwa Kenya, chukua CR12, hati ya msajili wa kampuni, kupitia eCitizen. Itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa, si mishahara. Ila ukikuta mwenye hisa ni kampuni ya Uingereza, hesabu zake ziko Companies House, kwa msajili wa kampuni wa huko, bila malipo, ingawa kampuni ndogo zinaruhusiwa kutoa maelezo machache. Mwenye hisa akiwa kampuni ya visiwa vya siri, utafika hapo tu.

Jambo hili hutokea pia kampuni inapotoka sokoni. Shanta Gold ilinunuliwa 2024 na ETC Holdings ya Mauritius na kuondoka AIM. Ile kanuni ya 19 haiwahusu tena.

## Kupima kama malipo ni ya haki

Sehemu gani ya matumizi ni ya ofisi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu. Chukua mfano wa kubuni: kampuni imekusanya dola milioni 3. Bosi 250,000, mkuu wa fedha 150,000, bodi 100,000, ofisi na safari 300,000. Jumla 800,000, yaani zaidi ya robo. Kama mita moja ya kuchoronga inagharimu dola 200, hizo ni mita 4,000 ambazo hazikuchorongwa.

Hakuna mstari mmoja unaogawa wema na ubaya. Mwaka wa kungoja leseni, ofisi itachukua sehemu kubwa hata katika kampuni safi. Mwaka wa kuchoronga kwa nguvu, ikichukua nusu, kuna tatizo. Pima miaka mitatu au minne pamoja. Kampuni ambayo kazi ya shamba inapungua na mishahara haipungui imekuwa ajira ya watu wachache.

Bonasi ya bosi imefungwa na malengo. Lengo zuri likoje?

Angalia kama lengo linasogeza mgodi karibu au linasogeza karatasi tu. Kukamilisha upembuzi yakinifu uliosainiwa na mtaalamu wa nje ni lengo. Kupata leseni ya uchimbaji ni lengo. Mwaka mzima bila mfanyakazi kuumia shimoni ni lengo ambalo ningeliweka katika kila mkataba.

Kuna yanayonitia wasiwasi. "Kukusanya mtaji" lina maana bosi anapewa zawadi kwa kukupunguzia umiliki. "Bei ya hisa kufikia kiwango fulani kwa siku 20" linaweza kutimizwa na soko la dhahabu duniani bila yeye kufanya lolote. Na lipo moja la hatari zaidi kwa sababu linaonekana la kitaalamu: "kufikisha wakia milioni moja za rasilimali". Wakia zinaongezeka ukishusha kiwango cha chini cha dhahabu unachokubali kuhesabu. Mwamba ni uleule. Umeingiza tu ulio hafifu. Lengo la wakia bila kutaja ubora wa mwamba ni mwaliko wa kuvuta namba. Viwango vya kutoa ripoti, JORC wa Australia na NI 43-101 wa Kanada, vinadai kiwango hicho kitajwe, kwa hiyo unaweza kulinganisha ripoti ya mwaka jana na ya mwaka huu.

Wakurugenzi wasio watendaji wapewe haki za hisa?

Kidogo, labda, kampuni ikiwa maskini kweli. Kazi yao ni kumsimamia bosi. Wakipewa haki zilezile, kwa bei ileile, siku ileile, wanaanza kutaka anachotaka bosi.

## Kura na sauti yako

Naweza kukataa mishahara hii?

Australia ndiyo yenye meno. Kila mwaka wanahisa hupigia kura ripoti ya malipo. Kura hiyo ni ya ushauri, lakini tangu 2011 kuna kanuni ya kura mbili: asilimia 25 au zaidi wakipinga katika mikutano miwili mfululizo, wanahisa wanaulizwa kama bodi nzima isimame tena uchaguzi. Viongozi wenyewe hawaruhusiwi kupiga kura kwenye ripoti ya malipo yao. Ila mkurugenzi mtendaji, ambaye pengine ndiye aliyekukera, haguswi na uchaguzi huo wa marudio. Wanaosimama ni wenzake.

Kanada haina kura ya lazima ya namna hiyo kwa kampuni changa, na AIM pia hailazimishi. Huko nguvu yako iko kwenye kuchagua wakurugenzi na kuidhinisha mpango wa haki za hisa.

Nilinunua kwa programu ya simu. Kura yangu iko wapi?

Mara nyingi hisa zimeandikwa jina la mtunzaji wa wakala, si lako. Mwandikie wakala kabla ya mkutano umwambie unataka kupiga kura. Wengine wanakuruhusu, wengine hawana huduma hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo, na wakubwa wanajua kwamba wanahisa wa mbali hawapigi kura.

Nitajuaje kama wanauza hisa zao kimyakimya?

Mkurugenzi wa kampuni ya ASX akibadilisha hisa zake, tangazo liitwalo Appendix 3Y hutoka ndani ya siku tano za kazi. Kanada wana mfumo wao, SEDI, ambao una muda wa siku tano pia. Sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito ni Bre-X, kampuni ya Kanada iliyodai dhahabu nyingi mno Busang, Indonesia. Mwaka 1997 iligundulika sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu, na hisa zikawa karatasi tupu, ilhali baadhi ya viongozi walikuwa wameshauza za mamilioni ya dola. Mwanajiolojia wake mkuu, John Felderhof, alishtakiwa na 2007 akaachiwa huru. NI 43-101 ilizaliwa 2001 kutokana na msiba huo.

## Hali zisizo za kawaida

Kampuni ikinunuliwa, bosi anapata nini?

Soma mkataba wake kabla, si baada. Mara nyingi kuna kifungu cha kubadilika kwa umiliki: kiinua mgongo cha mwaka mmoja au miwili, na haki zote za hisa kuiva, yaani kuruhusiwa kutumika, siku hiyo. Kuna mikataba inayolipa pale tu umiliki ukibadilika *na* bosi akapoteza kazi. Mingine hulipa umiliki ukibadilika tu, hata akibaki kitini. Hii ya pili ni mibaya, kwa sababu inamfanya apende ofa yoyote. Australia inadai idhini ya wanahisa kwa kiinua mgongo kinachozidi mshahara wa mwaka mmoja.

Wametangaza kwamba wamejikata mshahara kwa nusu. Nifurahi?

Soma mstari unaofuata. Kama nusu ile "imeahirishwa", ni deni na italipwa, pengine kwa pesa ya toleo lijalo la hisa. Kama italipwa kwa hisa za bei ya leo, wakati bei iko chini kabisa, inaweza kuwa nono kuliko mshahara wenyewe. Kama imefutwa, hongera kwao.

Bosi wetu anaongoza kampuni tatu. Ni sawa?

Ni jambo la kawaida. Tafuta kila moja inamlipa ngapi na anadai kuipa siku ngapi kwa wiki, kisha jumlisha siku.

Leseni ikifutwa?

Mishahara haisimami kwa hilo. Cortec, kampuni ya mradi wa Mrima Hill kule Kwale, ilifutiwa leseni 2013, ikaishtaki Kenya mbele ya mahakama ya usuluhishi ya ICSID, na 2018 ikashindwa. Mradi ukigeuka kesi, kampuni inaweza kuendelea kwa miaka ikilipa mawakili na uongozi, huku shambani hakuna mtu.

Sisi wenye ardhi tutalipwa lini, ikiwa bosi ameshaanza?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu, na lina haki. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Lakini mrabaha hutoka kwenye madini yaliyouzwa. Kipindi cha utafutaji hakina mauzo, kwa hiyo hakina mrabaha. Bosi analipwa tangu siku ya kwanza. Jamii inangoja shehena ya kwanza, na mradi ukifa njiani haitafika.

Hata hivyo kuna vya kudai sasa: fidia ya mazao na ardhi iliyoharibiwa na barabara au shimo, na ajira kwa watu wa hapo. Mkija kikaoni, njooni na ripoti ya mwaka mkononi. Kampuni ikisema haina pesa ya kulipa mihogo iliyokanyagwa, mfungulie mwakilishi wake ukurasa wa malipo ya viongozi, mwombe awasomee wazee kwa sauti.

Je, siku moja tutazipata hisa hizi Nairobi?

Sheria hiyohiyo inasema mwenye leseni ya uchimbaji ambaye uwekezaji wake unazidi kiwango kilichowekwa aorodheshe angalau asilimia 20 ya hisa katika soko la ndani, ndani ya miaka mitatu tangu uzalishaji uanze. Kumbuka neno "uzalishaji". Kwa miaka yote ya utafutaji, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiizungumzia, Soko la Hisa la Nairobi na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji haviwezi kudai majibu kwa niaba yako kutoka kwa bodi iliyoko Perth. Barua ya kuuliza itabidi uiandike mwenyewe, kwa katibu wa kampuni, ambaye anwani yake iko mwishoni mwa kila ripoti ya mwaka.